VYAMA VYA WAFANYAKAZI VISEME SIASA, LAKINI VISIWE MALI YA WANASIASA
(Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ndugu msomaji, kila tarehe mosi Mei sisi wanafunzi hufurahi kwa sababu hatuji shule. Jioni tunasikia katika taarifa ya habari kwamba wafanyakazi wamekusanyika, viongozi wa vyama wamehutubu, na wakubwa wa serikali wamepigiwa makofi. Kesho yake tunarudi darasani na maisha yanaendelea. Ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza: sikukuu hii iliundwa na nani? Na wale wanaokaa jukwaani siku hiyo, wanamsemea nani?

Mimi naandika kwa sababu nimechoka na mjadala mmoja ambao hurudiwa kila mara katika vyama vya mijadala shuleni. Upande mmoja husema kwamba vyama vya wafanyakazi vijitenge kabisa na siasa, kazi yao iwe mishahara tu. Upande wa pili husema kwamba bila kushikana na wakubwa chama hakipati kitu, kwa hivyo kiongozi mwerevu ni yule anayejua njia ya kwenda Ikulu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kuepuka siasa hata kikitaka. La kuuliza ni hili: kiongozi wa chama anamwogopa nani zaidi, mwanachama anayetoa ada au mwanasiasa anayetoa cheo? Jibu la swali hilo ndilo huamua kama sera ya serikali itamfaa mfanyakazi au itamfaa kiongozi peke yake.

Hebu tuanze hapa kwetu Mombasa. Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini. Walikuwa makuli wa bandari, watu wa reli, wafanyakazi wa hoteli, hata wapishi na maboi wa majumba ya Wazungu. Mishahara ilikuwa duni, vyumba vya kulala havikutosha, na bei ya vitu ilikuwa imepanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walikutana Majengo, katika uwanja ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Mji ulisimama kwa siku kumi na mbili hivi. Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, Eliud Mathu, alikuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatasikizwa. Serikali ya kikoloni ikaunda jopo chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Lakini kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka uo huo akapelekwa uhamishoni Kabarnet.

Tuone somo lililo hapo. Wale watu hawakuwa na mbunge wao wala hawakuwa na rafiki serikalini. Walichokuwa nacho ni umoja, na kiongozi ambaye hakuwa na mtu wa kumwogopa isipokuwa wao. Tena nauliza, je, kudai nyumba na chakula ilikuwa siasa au haikuwa siasa? Mkoloni alijua jibu, ndiyo maana akamhamisha Kibachia.

Mwingine ni Makhan Singh, ambaye alianza kuunganisha wafanyakazi tangu 1935. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni kule Nairobi, alidai hadharani kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wakati huo hata wanasiasa wengi walikuwa wakiomba viti vichache tu katika baraza. Mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walitiwa mbaroni na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja, mpaka Oktoba 1961. Mtu huyu hakuwa mwanasiasa wa kuomba kura. Alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi aliyeona kwamba mshahara mzuri haupatikani katika nchi isiyo yako.

Halafu akaja Tom Mboya. Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952 na chama cha KAU kupigwa marufuku 1953, vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kuwa mdomo wa Mwafrika nchi nzima. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa walipogoma tena, Mboya alikuja akawasemea, na mishahara ikapanda kwa karibu theluthi moja. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Leba, alisimamia Mkataba wa Uhusiano Viwandani baina ya serikali, waajiri na wafanyakazi. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Mtu wa vyama ameingia serikalini, na serikali imesikia.

Lakini ndugu msomaji, hapo hapo ndipo kamba ilipoanza kufungwa mguuni.

Baada ya Uhuru, vyama viligawanyika. Wengine walifuata upande wa Mboya na marafiki wa Magharibi, wengine upande wa Oginga Odinga na marafiki wa Mashariki. Mwaka 1965 serikali ikaamua kumaliza ugomvi kwa kuunda shirika moja tu, yaani COTU. Nani angekataa umoja? Umoja ni nguvu. Isipokuwa umoja huu ulikuja na masharti. Wajumbe walichagua majina matatu, kisha Rais akateua mmoja wao kuwa katibu mkuu. Na ada za wanachama zikawa zinakatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa amri ya waziri. Makato haya yana faida, manake chama hakihangaiki kukusanya shilingi moja moja. Lakini fikiria kidogo. Ikiwa cheo chako kinatoka kwa Rais na pesa zako zinapitia kwa waziri, utamkemea nani?

Wenzetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1964 vyama vyote viliunganishwa kuwa NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani mfanyakazi akiwa na malalamiko dhidi ya wizara, aende kwa katibu wa chama, na katibu ndiye waziri! Ni kama kumshtaki paka kwa paka.

Huku Kenya matokeo yalionekana polepole. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilifutwa, nao wakakaa bila chama hadi 2001. Kuelekea miaka ya 1990, COTU yenyewe ikatangazwa kuwa tawi la KANU. Mwaka 1993 bei ya unga ilikuwa imepanda vibaya, na katibu mkuu Joseph Mugalla akaitisha mgomo wa nchi nzima. Alitiwa mbaroni. Ule urafiki wote na chama tawala haukumsaidia siku aliyojaribu kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Mtu akikufuga haimaanishi anakupenda.

Sasa nije kwa jambo linalotugusa sisi wanafunzi. KNUT ilianzishwa 1957 na ni kwa msukumo wake ndiyo Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa 1967. Zamani hizo walimu waliajiriwa na wamisheni na mabaraza ya wilaya, kila mmoja na mshahara wake. Hiyo ni sera kubwa ya serikali ambayo mizizi yake ni chama cha wafanyakazi. Lakini tazama mwaka 1997. Miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, walimu waligoma, na serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu. Ikaandikwa hata katika tangazo la kisheria nambari 534. Walimu wakarudi darasani wakishangilia. Uchaguzi ukafanyika Desemba. Mwaka 1998 serikali ikasema haina pesa za awamu iliyofuata, walimu wakagoma tena mwezi wa Oktoba, na deni hilo likafuata serikali moja hadi nyingine kwa miaka mingi. Ahadi ni deni, lakini ahadi ya mwaka wa uchaguzi ni deni la mtu anayehama mtaa.

Wanaoumia ni nani? Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na nyasi ndio sisi. Mwishoni mwa Agosti 2024 KUPPET iliitisha mgomo wa walimu wa shule za upili. Kwa wiki nzima sisi wa shule za kutwa tulikuwa tunafika shuleni, tunafagia darasa, tunakaa. Wale wa mabweni angalau walikuwa na maktaba. Simlaumu mwalimu, kwa sababu alikuwa akidai awamu ya mkataba ambao tayari ulikuwa umetiwa sahihi. Ninachosema ni kwamba mkataba ukipatikana kwa hesabu za siasa, utavunjwa kwa hesabu za siasa.

Jambo la pili ni viongozi kutaka kukalia viti viwili. Mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 2017 katibu mkuu wa KNUT, Wilson Sossion, aliteuliwa kuwa mbunge maalum na chama cha ODM bila kuacha wadhifa wake wa chama. Wapo waliosema ni vizuri walimu wawe na sauti bungeni. Lakini kuanzia siku hiyo, kila alipolalamikia jambo la elimu, mwajiri aliweza kusema kwamba huyo ni mpinzani anayepiga siasa. Mvutano ukawa mkali, mwaka 2019 makato ya ada za KNUT yakaporomoka na wanachama wengi wakahama, na 2021 akajiuzulu. Sijui moyo wa mtu na simhukumu. Nasema tu kwamba kofia mbili ziliufanya mdomo wa mwalimu uwe mzito.

Ukitaka ushahidi zaidi, chukua kalamu uandike tarakimu za Sikukuu ya Wafanyakazi. Mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi, kima cha chini cha mshahara kiliongezwa kwa asilimia 18. Mwaka uliofuata ikawa asilimia 5. Mwaka 2019, 2020 na 2021 haikutangazwa nyongeza yoyote. Mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi tena, asilimia 12. Utaniambia kwamba 2020 na 2021 palikuwa na korona. Nakubali. Lakini 2019 palikuwa na nini? Mbona tumbo la mfanyakazi lakumbukwa kura zikikaribia? Sera ya mshahara ingefaa kufuata bei ya unga, sio kalenda ya tume ya uchaguzi.

Mwaka huo huo wa 2022 uongozi wa COTU ulimuunga mkono Raila Odinga. Baada ya William Ruto kushinda, uongozi huo huo ukasema utashirikiana na serikali yake. Kushirikiana na serikali iliyochaguliwa si dhambi. Lakini ningependa kujua mchuma chai wa Kericho na kuli wa Kilindini waliulizwa mara ngapi katika safari hiyo, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Hapa nimtaje mjomba wangu, ndugu yake mama. Yeye ni kibarua katika ghala moja ambalo sitalitaja. Hubeba magunia. Kila akikaribia kutimiza mwezi huambiwa apumzike siku chache, halafu huitwa upya kana kwamba ni mgeni. Mambo yamekuwa hivyo tangu nikiwa darasa la tano. Nilipokuwa nikitafuta habari za makala haya, nilikuta kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sasa nikaelewa yale mapumziko ni ya nini! Nilimsomea mjomba kifungu hicho. Alicheka akasema, "Mwanangu, hiyo sheria ni nzuri. Chama ni cha walioandikwa kazi. Sisi chama chetu ni mgongo."

Maneno hayo yameniuma mpaka leo, kwa sababu pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hutoka kwenye mgongo huo. Sheria ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ni moja katika sheria tano za kazi zilizopitishwa 2007, na wawakilishi wa wafanyakazi walikuwamo katika kuzitayarisha. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa mama mjamzito likizo ya miezi mitatu yenye malipo, na baba wiki mbili. Kwa hivyo vyama vinaweza kutengeneza sera, tena sera nzuri. Lakini sheria ikishapita, nani atakwenda ghalani kuhakikisha inafuatwa? Mtu aliyezoea jukwaa haendi ghalani, na kibarua asiyetoa ada hana wa kumpigia kelele.

Kuna msomaji atakayeniuliza, "Wewe mtoto, kwani Uingereza si vyama vya wafanyakazi vilivyounda chama cha Labour?" Kweli kabisa. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi, pamoja na makundi mengine, vilianzisha kamati iliyokuja kuwa chama cha Labour, na serikali ya chama hicho ndiyo iliyoanzisha matibabu ya bure kwa wananchi wote mwaka 1948. Lakini angalia nani alimzaa nani. Kule wafanyakazi walizaa chama cha siasa. Hapa chama cha siasa kiliwachukua wafanyakazi kuwa watoto wa kufikia.

Tena hata kuzaa hakutoshi. Tazama Zambia. Frederick Chiluba alikuwa mwenyekiti wa shirika la vyama vya wafanyakazi, akapigania vyama vingi, akachaguliwa kuwa Rais 1991. Wafanyakazi walidhani mwenzao amefika. Serikali yake ndiyo iliyouza makampuni ya umma na migodi ya shaba, na maelfu wakapoteza kazi. Huenda hapakuwa na njia nyingine, nchi ilikuwa na madeni. Lakini funzo ni kwamba mwenzako akiingia Ikulu, usilale. Mwangalie kama ungemwangalia mtu mwingine yeyote.

Basi tufanyeje? Sipendi makala yanayolalamika halafu yakakimbia. Mimi napendekeza mambo manne.

Kwanza, kiongozi wa chama cha wafanyakazi akitaka ubunge au cheo cha serikali, ajiuzulu kabla ya kuuchukua. Aende salama, na tumwombee heri, ila aache ufunguo mlangoni.

Pili, kabla chama hakijamuunga mkono mgombea yeyote, wanachama wapige kura ya siri matawini. Kauli ya mtu mmoja kwenye mkutano wa waandishi wa habari isiitwe kauli ya mamilioni.

Tatu, hesabu za ada zisomwe kila mwaka mbele ya wanachama, kituo kwa kituo. Pesa zinakatwa kwenye mshahara wa mtu hata kabla hajaziona. Jambo la chini kabisa ni aambiwe zilikwenda wapi.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, vyama vifungue mlango kwa vibarua. Watoe ada ndogo hata ya kila siku wanayopata kazi. Wale wa Kiwanja cha Maskini mwaka 1947 wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa kama mjomba wangu, na walisimamisha mji.

Mapendekezo haya si ndoto. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma, na inakipa kila chama haki ya kuamua mambo ya uongozi wake chenyewe. Siku hizi hakuna sheria inayomlazimisha kiongozi kuinama. Akiinama, ameinama mwenyewe.

Wanafunzi wenzangu, tusidhani haya ni ya wazee. Mwaka ujao tutamaliza Kidato cha Nne. Wachache wataenda chuo kikuu, na wengi wetu tutaingia viwandani, madukani, bandarini na mashambani. Siku utakayoandikwa kazi utaletewa fomu ya chama utie sahihi. Usitie kama mtu anayesaini risiti. Uliza katibu alichaguliwa lini, na hesabu zilisomwa lini. Na mwaka wa uchaguzi ukifika, isikilize ile asilimia itakayotangazwa Mei mosi, uiandike katika daftari, kisha ungoje uone itakayotangazwa mwaka utakaofuata.